Timu Inafungwa Kila Wiki, Kwa Nini Shabiki Hahami?

Mei 21, 2025, mjini Bilbao huko Hispania, Manchester United na Tottenham zilikutana kwenye fainali ya Europa League. Siku hiyo United ilikuwa ya 16 kwenye msimamo wa Ligi Kuu ya Uingereza na Tottenham ya 17. Timu mbili zilizokuwa zikichungulia mkiani ndizo zilizokuwa zikigombea kombe la Ulaya. Tottenham ikashinda 1-0. Jumapili iliyofuata United ikafunga msimu ikiwa ya 15, pointi 42, imepoteza mechi 18 kati ya 38. Tangu iliposhuka daraja mwaka 1974, klabu hiyo haikuwahi kumaliza ligi ikiwa chini kiasi hicho.

Vijiweni maneno yakawa yale yale. Kwani mmefungwa kamba? Si mhame tu! Wenye timu wakacheka kwa shida, wakatoa visingizio vyao, na Agosti ligi ilipoanza wakarudi kwenye mabenchi yao ya kibanda umiza wakiwa na jezi ile ile. Kwa asiyefuatilia mpira jambo hili linafanana na ugonjwa. Hata wanaofuatilia hawalielezi vizuri. Wengi wanasema "mapenzi tu" na kuishia hapo. Lakini lina maelezo, na maelezo hayo yanagusa mambo mengine ambayo mashabiki wenyewe huyachanganya: timu ni ya nani, pesa inatoka wapi, kufukuza kocha kunasaidia nini, na kama kuzomea ni usaliti.

Nani ni nani

Ubishi mwingi wa mpira unatokana na watu wanne kuitwa jina moja. Shabiki ni yeyote ambaye timu ikifungwa anaumia. Haandikishwi popote, hana kadi, na hakuna anayeweza kumfukuza. Mwanachama ana kadi, analipa ada, anaingia mkutano mkuu na anapiga kura. Mdhamini analipa ili jina la bidhaa yake likae kifuani mwa wachezaji, na mkataba ukiisha anaweza kuondoka bila kuaga. Mmiliki au mwekezaji ana hisa.

Mtu mmoja anaweza kuvaa kofia mbili au tatu kati ya hizi, na ndipo mkanganyiko unapoanzia. Simba na Yanga zilizaliwa kama klabu za wanachama. Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 Simba; mwekezaji angepata asilimia 49, na asilimia 51 zikatakiwa kubaki kwa wanachama kama taratibu za michezo nchini zinavyotaka. Kwa hiyo mwenye kadi ya Simba anaposema "timu yetu," maneno yake yana uzito kisheria. Shabiki wa Manchester United aliyeko Mbeya anaposema "timu yetu," hana hata ukucha ndani yake. Huko Manchester kwenyewe, anayelipia uanachama wa kila mwaka anapata nafasi ya kununua tiketi. Kura ya kumchagua au kumwondoa mwenye klabu hana.

Kusuasua nako kuna viwango vyake, na watu huviweka vyote kapu moja. Kuna timu kubwa iliyopoteza kimo chake: inashinda, inafungwa, haishuki, lakini si ile iliyokuwa. United imo humo tangu Mei 2013, Alex Ferguson alipostaafu baada ya kuchukua ubingwa wa 20 wa klabu. Arsenal nao, baada ya ubingwa wa mwaka 2004, walikaa humo kwa muda mrefu hata wakawa mabingwa wa kutaniwa.

Kisha kuna kushuka daraja kwenyewe. Sunderland ya Uingereza ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2017, na mwaka mmoja baadaye ikashuka tena hadi daraja la tatu. Mtu angetegemea uwanja ubaki na njiwa. Desemba 26, 2018, ikiwa huko huko daraja la tatu, Sunderland ilicheza na Bradford City mbele ya watu 46,039, idadi ambayo klabu nyingi za Ligi Kuu hazina viti vya kuipokea. Ilikaa daraja hilo misimu minne, ikapanda 2022, na Mei 2025 ikarudi Ligi Kuu kwa kuifunga Sheffield United 2-1 pale Wembley, bao la pili likiingia dakika za nyongeza. (Kwa wasiojua: Simba yetu iliwahi kuitwa Sunderland, na ilibeba jina hilo mpaka mwaka 1971. Watani wa Jangwani, yaani Yanga, mnaruhusiwa kulitumia mnavyotaka.)

Kiwango cha tatu ndicho tunachokijua zaidi Afrika Mashariki, nacho ni ukata. Timu ina mashabiki mamilioni na haina nauli ya kwenda mechi ya ugenini. Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo hadi 2017. Mwaka huo huo Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti na mfuko wa klabu, akajiuzulu. Kilichofuata hakikuwa kushuka daraja, lakini kilikaribia fedheha: wachezaji wakidai mishahara, migomo ya mazoezi, na kocha Mwinyi Zahera akihangaikia mambo ambayo si ya kocha. Mashabiki wakaanza kuchangishana. Watani wakaiita "kutembeza bakuli," na jina likaganda. Simba ikachukua ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na katika miaka hiyo ndipo neno "utopolo" lilipowavaa wana Jangwani.

Nairobi kuna AFC Leopards. Ingwe, kama inavyoitwa, ilikuwa moto wa Afrika Mashariki na Kati: kombe la klabu la CECAFA ililibeba 1982, 1983 na 1984 bila kupumzika. Ubingwa wa ligi ya Kenya iliuchukua 1998. Hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, ilikuwa haijauchukua tena. Katikati hapo ilishuka daraja, ikarudi 2009, na ikaambulia kombe la shirikisho la soka la Kenya 2013 na 2017. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ubingwa alifika miaka 27 akisimuliwa tu na wazee. Na bado ngoma za isukuti hupigwa jukwaani kila Ingwe inapocheza.

Kosa la swali lenyewe

Anayesema "si uhame tu" anamwona shabiki kama mteja. Ukinunua sabuni ikakuwasha, wiki ijayo unachukua nyingine na hakuna anayekuuliza. Sabuni ya pili inafanya kazi ile ile ya kwanza: nguo zinatakata. Mantiki yake ni safi, ila inadhani kwamba bidhaa inayouzwa kwenye mpira ni ushindi. Ingekuwa hivyo, kila nchi ingebaki na timu moja, kwa sababu bingwa ni mmoja.

Timu inampa shabiki kitu kingine, nacho ni mahali pa kusimama kati ya watu. Ni baba aliyekupakata ukiwa mdogo mkisikiliza mpira redioni, ni wenzako wa tawi, ni rangi unayoivaa harusini bila kukusudia, ni mtu usiyemjua kwenye daladala anayekutolea kicheko kwa sababu ya jezi. Ushindi ni sherehe ya mahali hapo. Siku timu ikifungwa sherehe haipo, lakini watu wapo. Ukihamia kwa bingwa utaupata ushindi wake, ila baba, tawi na ile miaka hutavipata. Utashangilia kombe ambalo hukulilia.

Hapa kuna utafiti wa zamani unaofaa kuujua. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani. Walihesabu wanafunzi wanaovaa mavazi ya chuo chao siku za Jumatatu, kisha wakalinganisha na matokeo ya mechi za wikiendi. Timu ya chuo ikishinda, nguo zenye nembo zinaongezeka. Walipowapigia wanafunzi simu kuwauliza kuhusu mechi, wakagundua jambo ambalo kila mwenye masikio kijiweni analijua: timu ikishinda watu husema "tumeshinda," ikifungwa husema "wamefungwa." Binadamu hujisogeza karibu na utukufu na kujitenga na aibu. Ni tabia ya karibu kila mtu, na wala si unafiki mkubwa.

Sasa swali linageuka. Kama kila mtu ana tabia ya kujitenga na aibu, kwa nini wapo wasiojitenga? Wengi hujibu kwa kutaja moyo na damu. Mimi naona jibu zuri zaidi liko nje ya shabiki mwenyewe. Lipo kwa mtani wake.

Chukua Mei 6, 2012. Simba iliifunga Yanga 5-0. Novemba 5, 2023 Yanga ikailipa Simba 5-1. Asubuhi baada ya mechi kama hizo, shabiki aliyefungwa anaweza kuacha jezi nyumbani, anaweza hata kuzima simu. Lakini muuza vitafunwa anamjua, bosi anamjua, shemeji anamjua. Wote wamekaa wakimsubiri na vidole vitano hewani. Hawezi kusema "mimi si wa huko," kwa sababu miaka kumi iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akiwasubiri wao. Utani wa jadi ni mkataba: nakutania leo kwa sharti kwamba na mimi kesho utanikuta hapa hapa. Anayehama anauvunja mkataba huo. Simba hawatamwamini, Yanga hawatamheshimu, na pande zote mbili zitamwita jina moja baya. Kwa hiyo anayeshika daftari la ushabiki wako, anayekumbuka uliapa nini mwaka gani, ni yule yule anayekucheka.

Hiyo pia ndiyo sababu ushabiki wa timu inayofungwa hunoga zaidi palipo na upinzani mkali. Gor Mahia ya Kenya ilichukua ubingwa 1995 kisha ikangoja miaka 18, hadi 2013. Katika miaka hiyo Leopards ilikuwepo kuwazomea, na walipoupata ubingwa kelele za K'Ogalo, kama Gor inavyoitwa, zilikuwa na deni la miaka 18 ndani yake. Sasa kibao kimegeuka na wanaongoja ni Leopards. Derby yenyewe inaitwa ya Mashemeji, na shemeji humkwepi.

Upande wa pili wa sarafu ni wenye timu za mikoani, na hapa Watanzania tuseme ukweli. Pamba ya Mwanza ilipotea Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 mpaka ilipopanda 2024. Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa wa nchi 1988. Timu hizi zilipodidimia, wengi wa mashabiki wao hawakuhitaji kuhama, kwa sababu tayari walikuwa na timu ya pili: Simba au Yanga. Hakuna aliyewatania kwa kuiacha Pamba. Kijiwe hakikuwa na daftari la Pamba. Tukiulizana kwa nini viwanja vya mikoani hujaa siku Simba na Yanga zinapokuja tu, na nusu ya waliojaa huwashangilia wageni, sababu mojawapo ni hiyo.

Mshahara wa uaminifu analipwa nani?

Hapa ndipo pagumu, na ndipo mazungumzo mengi ya ushabiki hukwepa. Shabiki asiyehama ni mali. Kwenye hesabu za biashara, mteja ambaye hata bidhaa ikiharibika hataondoka ni ndoto ya kila mwenye duka. Swali ni nani anayeivuna mali hiyo.

Manchester United iliyomaliza ya 15 iliingiza mapato ya pauni milioni 666.5 katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Hiyo ni rekodi ya klabu. Isome tena ukitaka: msimu mbovu kuliko yote katika nusu karne ndio msimu uliotia pesa nyingi kuliko yote. Hakuna muujiza. Haki za televisheni, udhamini wa jezi na mauzo ya bidhaa hulipwa kwa kuhesabu macho, na macho hayakwenda popote. Kichekesho ni kwamba timu mbovu nayo ina watazamaji wake wa ziada, wale wanaokuja kuona inavyofungwa. Katikati ya msimu huo huo klabu ilipandisha bei ya tiketi zilizobaki hadi pauni 66 kila moja, bila punguzo kwa watoto wala wazee.

Ndiyo maana dhana ya kwamba "pesa ikiwepo timu itapona" inapaswa kuwekwa kando. Pesa ilikuwepo. Familia ya Glazer iliinunua klabu mwaka 2005 kwa kutumia sehemu kubwa ya mikopo, na mikopo hiyo ikabebeshwa klabu yenyewe. Kwa maneno rahisi, shabiki aliyenunua tiketi alisaidia kulipa riba ya deni lililochukuliwa ili yeye apate mmiliki mpya. Wachezaji wa bei mbaya walinunuliwa mwaka baada ya mwaka, kila kocha akija na orodha yake, na kikosi kikawa mkusanyiko wa mawazo ya watu watano tofauti. Kufungwa kuna gharama zake pia, tusidanganyane. Bila Ligi ya Mabingwa pesa hupungua, na waliolipa mwanzo ni wafanyakazi wa kawaida: kazi kama 250 zilikatwa 2024, na mwaka uliofuata klabu ikatangaza kupunguza nyingine hadi 200. Hao hawakukosa penalti yoyote.

Kwa timu zetu hesabu imepinduka. Hapa macho ni mengi, pesa ya macho ni kidogo. SportPesa ilipojiondoa Kenya mwaka 2019 katika mgogoro wake wa leseni na kodi na serikali, Gor Mahia na Leopards zilibaki bila mdhamini, na zote mbili baadaye zikafungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya waliowahi kuzitumikia. Uaminifu wa shabiki wa Uingereza humlinda mmiliki asiumie. Huku kwetu, mdhamini akishaondoka, shabiki ndiye nguzo inayobaki, na bakuli linamfikia yeye.

Nami nalitetea lile bakuli la Jangwani. Lilichekwa kuliko lilivyostahili. Michango ile haikuweza kuendesha klabu kubwa, lakini ilionyesha yeyote mwenye mtaji kwamba watu hawa hawaondoki hata njaa ikiingia, na hicho ndicho mwekezaji hununua. Kampuni ya GSM ikaingia, na Yanga ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi ya ligi. Haikufungwa katika ligi mpaka Novemba 2022, Ihefu ilipoikatisha ikiwa imefikisha mechi 49. Mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba nao, katika miaka yao ya kuukosa ubingwa wa nyumbani, wakafika fainali hiyo hiyo Mei 2025 na kuikosa mbele ya RS Berkane. Mtani aliyewaita "makolo" wiki hiyo alikuwa na kibarua kigumu.

"Shabiki wa kweli hazomei"

Kauli hii hutolewa zaidi na viongozi, na inafaa kuichunguza kwa sababu hiyo hiyo. Mtu asiyeridhika na kitu ana njia tatu: kuondoka, kusema, au kunyamaza akavumilia. Mteja wa kawaida huondoka. Shabiki tumeshaona kwamba mlango wa kuondokea kwake umefungwa. Akikatazwa na kusema, anabakiwa na moja tu. Kuzomea, mabango, kususia uwanja na maswali kwenye mkutano mkuu ni lugha ya mtu asiyeweza kuhama. Mwenye kuweza kuhama hana haja ya kupaza sauti.

Na sauti hufanya kazi, si kila siku, lakini hufanya. Aprili 18, 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zilitangaza ligi yao ya peke yao, isiyo na kushuka daraja. Mashabiki wa Chelsea, Liverpool, Arsenal na wengine wakaingia barabarani, wakiwa kinyume na timu walizozipenda, na ndani ya siku mbili klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Mei 2 mwaka huo mashabiki wa United walivamia uwanja wao wenyewe, Old Trafford, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Wengine walikuwa wameshachoka zamani: mwaka 2005, Glazer walipoinunua klabu, kundi la mashabiki liliondoka na kuunda klabu yao ndogo, FC United of Manchester, inayomilikiwa na wanachama. Tazama walikoelekea. Walikuwa na Manchester City mtaa wa pili, na hata mawazoni haikuwajia.

Kuzomea kuna mipaka, bila shaka. Kumrushia mchezaji chupa au kumtukana mama yake ni jinai na ujinga. Lakini kuwaita wanaohoji "wasaliti" na "waliotumwa" ni mbinu ya mwenye hesabu asizotaka zisomwe.

Kocha, mkosi na moyo

Baada ya vipigo vinne mfululizo wimbo hubadilika: kocha aondoke. Mara nyingi anaondoka, mpya anakuja, timu inashinda mbili, na kila mtu anasema "mnaona?" Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel alichambua misimu mingi ya ligi ya nchi yake. Alichukua timu zilizofukuza kocha katikati ya kipindi kibaya, akazilinganisha na timu zilizopitia kipindi kibaya kama hicho zikabaki na kocha wao. Zote ziliinuka, kwa kiasi kinachokaribiana. Sababu si ngumu. Kocha hufukuzwa timu ikiwa imefika chini kuliko uwezo wake halisi, na kutoka hapo, kwa wastani, njia ni ya kupanda tu. Bahati mbaya zilizokuwa zimerundikana, kama majeruhi, nguzo ya goli na penalti za utata, haziendelei milele. Kocha mpya hukuta mvua imeshaanza kukatika, akasifiwa kwa jua.

Wapo makocha wabovu wa kufukuzwa, sikatai. Ila ukiona klabu imebadilisha makocha sita ndani ya miaka kumi na tatizo ni lile lile, inua macho kutoka kwenye benchi uangalie ofisini. Habari za mkosi na "kamati ya ufundi," yaani waganga wa timu, nazipita haraka: zingekuwa na nguvu tunayozipa, ligi ingeisha kwa sare kila mwaka, kwa sababu kila klabu inayo.

Moyo ni jambo zito zaidi. Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia 2006, madaktari wa Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo na kukuta kwamba siku ambazo Ujerumani ilicheza dharura hizo ziliongezeka mara 2.66 kuliko siku za kawaida. Ujerumani haikuwa hata timu mbovu mwaka ule. Mtu mwenye presha anapaswa kujua kwamba maumivu haya si ya kuigiza. Na aliyeweka dau la ada ya mtoto kwenye timu yake kwa sababu "leo lazima" amechanganya vitu viwili. Mapenzi hayajui kukadiria matokeo, na kampuni za kubeti zinalijua hilo kuliko yeye.

Shabiki wa mbali

Imebaki hoja ya wale wanaosema shabiki wa United wa Mbeya au Arsenal wa Kisumu hana haki ya kuumia, kwa kuwa hajawahi hata kuuona uwanja. Sikubaliani nao. Tumeshaona kwamba ushabiki hushikiliwa na watu wanaokuzunguka, na kijiwe cha Mbeya kina daftari kamili kama la Manchester, pengine kali zaidi. Kuna kijana Mwingereza aliyeapa Oktoba 2024 kutonyoa nywele hadi United ishinde mechi tano mfululizo, na mwaka mzima ukapita nywele zikizidi kukua huku mamilioni wakimfuatilia mtandaoni. Angekuwa Mtanzania, mtaa usingempa nafasi ya kunyoa hata usiku.

Tofauti iko kwenye rungu alilonalo kila mmoja. Mwanachama wa Yanga alikwenda kupiga kura Julai 2022, Hersi Said akawa rais wa klabu, na siku mambo yakiharibika anajua mkutano wa kuuliza maswali unafanyikia wapi. Shabiki wa Old Trafford anaweza kuususia uwanja ukaonekana mtupu kwenye televisheni. Wa Mbeya ana macho yake, king'amuzi anacholipia kila mwezi na jezi. King'amuzi hatakizima, hilo tunalijua. Jezi, hata hivyo, alishaimaliza kesi yake zamani bila kuitisha maandamano: aliyoivaa wakati anaitukana familia ya Glazer aliinunua kwa machinga wa Kariakoo, na hao Glazer hawajaona hata senti yake.